Punje Mia za Mahindi

Kikao cha kwanza cha bajeti ya kaunti nilichowapeleka majirani zangu kilifanyika Aprili 2016, katika ukumbi wa kanisa ulio upande wa magharibi wa mji wa Nakuru, nami niliingia nimebeba katoni nzima ya nakala za Katiba. Nilikuwa nimestaafu baada ya kufundisha shule ya msingi kwa miaka 22, na nilikuwa nimejiunga na kikundi kidogo cha wakaazi kilichojitolea kuwaeleza watu jinsi serikali za kaunti zinavyofanya kazi. Nilijiandaa kwa wiki mbili. Niliwafundisha Kifungu cha 10, kinachotaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa, nikaingia katika Kifungu cha 174 kuhusu malengo ya ugatuzi, nikamalizia na cha 196, kinacholitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika shughuli zake. Walinisikiliza kwa adabu, kama wanafunzi wa darasa la nane wanaojua kuwa kengele italia hivi karibuni. Ilipofika zamu yao, walisimama mmoja baada ya mwingine wakaomba mtaro wa maji ya mvua, taa za barabarani, kisima, na basari kwa watoto wa sekondari. Afisa aliyeongoza kikao aliandika yote, akatuambia kwamba maoni yetu yamenakiliwa, tukanywa soda, tukaondoka.

Nje ya ukumbi alinisubiri mzee mmoja aliyestaafu kutoka shirika la reli, ambaye mtaani tunamwita Mzee wa Reli. Aliniuliza kwa upole: "Mwalimu, hebu nifafanulie. Hiki chakula kilipikwa lini? Maana naona sisi tumeitwa kuosha vyombo."

Sikuwa na jibu. Nilijua haki ya wananchi kushirikishwa, ila sikujua ni siku gani hasa uamuzi wenyewe hufanywa, wala uko katika karatasi ipi. Usiku ule nilianza kusoma Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, na nikiri kwamba ilinichukua takriban miezi miwili kuielewa sehemu inayohusu kaunti, kwa kuwa sheria haijaandikwa kwa ajili ya mtu wa kawaida, hata awe alifundisha.

Nilichokikuta ndani yake kilinifanya nimwonee aibu yule mzee. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, lakini safari ya bajeti huanza karibu miezi kumi kabla ya hapo. Kufikia tarehe 1 Septemba, serikali ya kaunti inapaswa kuwa imewasilisha bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, ule ambao maafisa wanauita ADP, na humo ndimo miradi hutajwa kwa majina yake. Kufikia tarehe 28 Februari huwasilishwa waraka wa mkakati wa fedha, ambao huweka kikomo cha kila idara: afya itapata kiasi hiki, barabara kiasi kile, maji kiasi kingine. Bunge la kaunti lina siku 14 za kuujadili. Makadirio yenyewe ya bajeti hufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na kufikia hapo mlango huwa umebaki na upenyo tu, kwa sababu kanuni za mwaka 2015 zinawaruhusu wawakilishi wa wadi kuongeza au kupunguza fungu la idara kwa asilimia 1 tu ya kikomo chake, na wakiongeza mahali fulani ni lazima wapunguze kwingine. Sisi tulikuwa tumeenda Aprili kuomba mtaro. Mtaro ulipaswa kuombwa kabla ya Septemba, ukatetewa Februari.

Tangu wakati huo niliacha kubeba katoni ya Katiba. Nilichora kalenda ya mwaka mzima kwenye karatasi moja kubwa ya manila, kwa Kiswahili, nikaibandika katika kibanda cha fundi viatu mahali ambapo watu hukaa wakisubiri viatu vyao. Kalenda ile imefundisha watu wengi kuliko mimi, na fundi mwenyewe sasa huieleza vizuri kunishinda.

Somo la pili lilitokea katika mkutano wa chama cha akina mama. Nilikuwa nikihangaika kueleza maana ya matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida, na nyuso zilikuwa zimeanza kuchoka, ndipo mama mmoja anayeuza mboga akaniambia niache kutaja mabilioni kwa sababu hakuna aliyewahi kuyashika. Mwenye nyumba alikuwa akichambua mahindi ya kupeleka kusagwa. Nilimwomba ungo wake, tukahesabu punje 100, nikawaambia kwamba hizo ndizo pesa zote za kaunti kwa mwaka mmoja. Sheria inataka angalau punje 30 ziende kwenye maendeleo, yaani barabara, majengo, mabomba, vitu ambavyo mtu anaweza kuvigusa. Kanuni zinataka mishahara isizidi punje 35, ingawa ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba kaunti nyingi nchini huvuka kiwango hicho. Zinazobaki hununua dawa, mafuta ya magari, karatasi, safari, na kulipa madeni ya nyuma. Tulizitenga katika mafungu, na kwa mara ya kwanza niliona kila mtu ameinamia meza.

Mzee wa Reli, ambaye alikuwa amekaribishwa kama mgeni, alilisogeza mbele yake fungu la punje 30 za maendeleo. Akauliza kaunti ya Nakuru ina wadi ngapi. Nikamwambia 55. Alinyamaza kidogo, akachukua punje moja, akaivunja kwa meno, akaiweka nusu yake katikati ya ungo. "Hii ndiyo wadi yetu," alisema.

Kwa kweli hesabu haiko hivyo hasa, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha za maendeleo huenda kwenye miradi mikubwa isiyogawanywa kwa wadi, na hata ile inayogawanywa si lazima igawanywe sawasawa. Nilianza kueleza hayo, kisha nikanyamaza. Nusu punje ile ilikuwa imefanya kazi ambayo maelezo yangu hayangeifanya. Orodha yao ya maombi, ambayo asubuhi ilikuwa na mambo 14, ilifutwa papo hapo, wakaanza kujadiliana ni mambo gani mawili wangeyapigania. Mjadala ulikuwa mkali na ulichukua muda mrefu, na ndani yake nilisikia sauti za watu ambao katika ukumbi wa kanisa hawakufungua midomo. Nimeona mara nyingi kwamba mtu akijua kiasi kilichopo, huacha kuomba na kuanza kuchagua, na kuchagua kunamlazimu amsikilize jirani yake.

Mambo mawili waliyobaki nayo yalikuwa mtaro na kisima. Kuhusu kisima nina jambo la kusema kwa urefu kidogo, kwa sababu hapo nusura niwapoteze watu kwa kuwatii.

Wazaliwa wengi wa Nakuru wana meno ya kahawia, na Mzee wa Reli ni mmoja wao. Watoto wetu wakienda kusoma mbali hutambuliwa kwa meno kabla hawajataja kwao. Chanzo chake ni floraidi, madini yanayoyeyuka kutoka katika miamba ya volkano ya Bonde la Ufa na kuingia katika maji ya chini ya ardhi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya eneo letu huvuka hapo. Sisi sote tuliyajua haya kwa namna ya kuyazoea, kama mtu anavyoyajua magoti yake kuwa mabovu, lakini hakuna aliyeyahusisha na ombi la kisima. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari kuliandika ombi lile, kwa kuwa niliamini kazi yangu ni kuyafikisha maoni ya wananchi bila kuyagusa.

Kijana mmoja anayefanya kazi katika maabara ya maji, ambaye dada yake ni mwanachama, ndiye aliyetuzuia. Alikuja Jumapili moja akatueleza kwamba kuchemsha maji hakuondoi floraidi, bali huizidisha kwa kuwa maji hupungua na madini hubaki, kwamba meno ya mtoto huharibika yakiwa bado yanaota ndani ya ufizi, na kwamba kwa mtu mzima anayekunywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi, tatizo huhamia kwenye mifupa. Alieleza pia kwamba kuna njia ya kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambayo Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imeifanyia kazi kwa miaka mingi, lakini mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe, na mtu wa kuubadilisha lazima alipwe na mtu fulani.

Alipoondoka, kikundi kiligawanyika. Wengine walitaka tuachane na kisima tuombe kioski cha maji kilichounganishwa na bomba. Wengine, hasa wanaoishi sehemu ya chini ambako mtungi wa lita 20 hununuliwa kwa mkokoteni, walisema heri meno ya kahawia kuliko kiu. Mama mmoja aliniambia usoni: "Mwalimu, wewe una mfereji nyumbani. Usituletee sayansi ya watu wenye mfereji." Maneno yake yalinichoma, na yalikuwa ya haki. Hatimaye walikubaliana kwa kura kuomba kioski cha bomba, na kama hakiwezekani, basi kisima kipimwe kabla ya pampu kufungwa, na gharama ya kuchuja iandikwe katika bajeti ya kila mwaka, isiachiwe mkaazi. Nikilinganisha ombi hilo na lile la mwanzo, naona tofauti ya watu wanaopewa kalamu tu na watu wanaopewa kalamu pamoja na habari. Yule mama wa mfereji hakuridhika, na nadhani hajaridhika mpaka leo.

Ili kulitetea ombi hilo tulihitaji matokeo ya vipimo vya kisima kingine cha umma kilichochimbwa jirani, na hapo ndipo tulipoijua Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ningependa kila mtu aijue sheria hiyo, kwa kuwa ni fupi na inafaa. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Asiyeweza kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa wa ofisi ile ile anayoiomba. Jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21, na mwombaji halazimiki kusema habari hizo anazitakia nini. Tuliandika barua ya aya mbili, nakala mbili. Katika ofisi tuliyoipeleka, ambayo sina sababu ya kuitaja, karani alimuuliza mama wa mboga: "Unataka hizi za nini?" Alikuwa amefundishwa jibu, na alilitoa bila kupandisha sauti: "Sheria haijaniuliza hivyo." Kisha akamwomba agonge muhuri kwenye nakala ya pili.

Muhuri ule ulituokoa. Siku 21 zilipita kimya, na tulipoandika tena, tukitaja tarehe ya muhuri na kusema kwamba tutapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ndiyo inayosimamia utekelezaji wa sheria hiyo, karatasi zilipatikana kabla ya wiki kuisha.

Kosa langu kubwa kuliko yote nilikuwa sijalifanya bado. Ulipofika wakati wa kupeleka waraka wa maoni, niliuandika mwenyewe kwa Kiingereza kilichonyooka, kurasa sita, na majedwali mawili. Nilijivunia. Wanakikundi walitia sahihi. Tulialikwa mbele ya wawakilishi kadhaa, na mheshimiwa mmoja, bila nia mbaya naamini, alimwomba mama aliyekaa karibu naye amfafanulie jambo lililoandikwa ukurasa wa tatu. Mama alinitazama. Wote walinitazama. Mheshimiwa akatabasamu, akaufunga waraka, akasema kwamba angependa kusikia maoni ya wananchi badala ya maoni ya mwalimu wao, na dakika zetu 15 ziliishia hapo. Nilirudi nyumbani kwa miguu ingawa matatu zilikuwepo.

Baada ya hapo tulibadilisha utaratibu kabisa. Kila mtu mwenye hoja huitoa kwa maneno yake mwenyewe, mwenzake anayejua kuandika huinakili kwa Kiswahili, husomewa tena mpaka akubali kwamba ndivyo alivyosema, kisha hutia sahihi au dole gumba. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, kwa hiyo hatuombi radhi kwa kukitumia. Waraka wetu sasa hauna majedwali na sentensi zake hazifanani, na ukimuuliza mwenye hoja jambo lolote lililomo, atakujibu mpaka uchoke wewe.

Kuhusu mahudhurio sina mengi. Vikao vingi vya umma hupangwa siku za kazi saa nne asubuhi, wakati ambapo mama aliyeamka saa kumi usiku kwenda soko la Wakulima ndiyo kwanza anapanga sukuma wiki mezani. Tunachofanya ni kukutana Jumapili jioni, kukubaliana, na kuwatuma watu watatu, kila mara mmoja akiwa mgeni wa kazi hiyo. Nauli yao huchangwa. Wapo wanaokuja vikaoni kwa ajili ya bahasha na mkate, na nilikuwa nikiwadharau, hadi nilipogundua kwamba wawili kati yao walikuwa wakirudi mtaani na kusimulia kila kitu neno kwa neno.

Watu hunishangaa ninapowaambia kwamba kushirikishwa si hisani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na tangu hapo ofisi nyingi zimekuwa makini kuhakikisha daftari la mahudhurio lina sahihi. Daftari lenye sahihi na maoni yaliyozingatiwa ni vitu viwili mbalimbali, lakini angalau sasa lipo jambo wanaloliogopa. Halafu ukaja mwaka 2024, vijana wakautafsiri Mswada wa Fedha wa kitaifa kwa lugha za mama na kuueneza kwa simu kwa muda wa siku chache tu. Mimi nilikuwa nimehangaika miaka minane na karatasi ya manila. Siwezi kusema sikuona wivu. Baada ya miezi ile ya huzuni, ya maandamano ya kuupinga mswada huo, vijana wawili wa bodaboda walikuja kwenye kikundi chetu wakauliza kama kaunti nayo ina mswada wake wa fedha, unaoweka ada za maegesho na leseni. Nikawaambia upo, kila mwaka. Walikasirika kwamba hakuna aliyewaambia mapema, na kwa kuwa kalenda imebandikwa hatua 20 kutoka kwenye steji yao, sikuona haja ya kujitetea.

Mtaro ulijengwa. Tuliuingiza katika mpango wa Septemba, na Februari iliyofuata watu wetu watatu waliuliza mbele ya wote kwa nini umetajwa katika mpango na fungu la barabara limepunguzwa. Ukachelewa mwaka mmoja, kisha mkandarasi akaja. Kalvati zilizowekwa kwenye njia panda ni nyembamba kuliko zilizoandikwa, jambo ambalo Mzee wa Reli aliligundua kwa kuzipima kwa kamba aliyoifunga mafundo, na mvua kubwa ikinyesha maji bado hupanda barabara mahali hapo. Sehemu nyingine ya mtaro inafanya kazi. Kioski cha maji hakijafika.

Juma lililopita mama wa mboga alinipigia simu saa moja jioni, nikiwa nakula. Alikuwa na nakala ya mpango mpya mkononi, na alitaka kujua kwa nini kioski chetu kimeandikwa upya kwa jina la mtaa mwingine, na kama barua ya kuuliza aiandike yeye au amwachie yule kijana wa bodaboda ambaye mwandiko wake unasomeka. Nilimwambia amwachie kijana. Akasema sawa, lakini yeye ndiye atakayeipeleka, kwa sababu karani anamfahamu.